Nguzo Iliyokatwa Ili Taa Ikae

Mwanangu, jana nilikusikia ukimwambia fundi wa nyumba yako ya Nzuguni kwenye simu, "Kata tu hiyo mbao ya ukutani, taa ikae." Kaa hapa, na hiyo simu iweke chini kwanza.

Nakumbuka umeme ulipofika kwetu Haneti. Wewe ulikuwa mtoto mchanga, hata kukaa hujui, na tuliishi kwenye tembe la bibi yako, mama mkwe wangu. Baba yako akaleta taa ya kuzamisha ukutani, kama aliyoiona gesti huko Msalato. Lo, kwenye ukuta wa udongo! Akachimba, akakuta nguzo imesimama pale pale alipopataka. Hakuuliza mtu. Akaikata kwa msumeno, akapachika taa yake. Ilipowaka nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuona.

Paa la tembe unalijua: udongo mtupu juu ya boriti, na siku ile juu yake tulikuwa tumeanika mtama wote wa mavuno. Wewe umelala kitandani chini ya ile taa, sisi tuko mlangoni na hao majirani. Bibi yako akaingia, akasimama, akasikiliza.

"Ndahani, ukuta unalia."

"Panya hao, mama," baba yako akacheka.

Bibi yako alikunyakua na shuka lako, akatupita mbio, baba yako hata hakuona amebeba nini. Hajafika hata uani, tukasikia puu! Paa la chumba kile likashuka lote kitandani, udongo, boriti na mtama wetu. Yesu wangu! Baba yako alikuwa anafukua udongo kwa mikono huku akiliita jina lako, na wewe uko begani kwa bibi yako, unalia kwa sauti yako yote. Hakukusikia.

Bibi yako alimshika bega. "Nguzo ile aliisimamisha baba yako. Si ungeniuliza?"

Basi, mwanangu, ukikuta kitu ndani ya ukuta usikione kero. Kuna mtu alikiweka pale kibebe kitu. Uliza kwanza kimebeba nini, na kama hujapata jibu, taa ndiyo ihame.

Haya, chukua simu, mpigie fundi nikiwa nasikia. Mungu aisimamishe nyumba yako, wajukuu zangu walale humo na kuamka wazima.