Gari Lililozima Safari ya Kwenda

Miaka ile ya vita vya shifta, waasi wenye silaha wa kaskazini, hakuna aliyetoka Garissa kwenda Habaswein peke yake. Magari yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na moja likizima wote walisimama katikati ya vichaka. Mimi nilikuwa fundi wa gereji ya serikali, mtu wa bara, mwepesi wa hasira, na kulikuwa na pikapu moja iliyonitia wazimu. Safari ya kwenda ilichemka na kuzima. Safari ya kurudi ilikimbia bila kukohoa hata mara moja.

Dereva wake alikuwa Msomali wa pale pale mjini. Mkewe na watoto walikuwa Habaswein, na bila kazi ile hakuwa na njia ya kuwaona. Afisa wetu, naye mtu wa bara, alishaanza kunong'ona kwamba huyu dereva anaizima makusudi ili shifta watukute. Akaniambia, "Fundi, ikizima tena, huyo namweka ndani."

Tangu siku hiyo sikutulia. Nilikula nimesimama. Nilibadilisha plagi, nikafungua kabureta, nikaifunga, nikaifungua tena kwa kuwa sikuiamini mikono yangu. Mwishowe tukaipeleka pikapu kwenye uwanja wa ndege, palipokuwa na njia iliyonyooka. Dereva alitoka upande mmoja akikanyaga mafuta hadi chini, mimi nikamngoja upande wa pili na saa mkononi. Mbio hazikunihusu, nilitaka ifike kwa muda uleule kila mara, asubuhi na adhuhuri. Ikafika vilevile, na hilo likanikera zaidi, maana mgonjwa wangu hakuwa na ugonjwa.

"Walaal, ndugu yangu," dereva akasema, "wallahi mimi hasimamishi hii gari. Yeye nachemka yenyewe."

"Basi ipakie kama siku ya safari," nikamjibu kwa ukali. "Kila kitu."

Akapakia magunia. Kisha akaleta kiriba cha ngozi ya mbuzi, kimejaa maji hadi kimevimba, akakitundika mbele ya gari. Madereva wengi walifanya hivyo ili maji yapoe kwa upepo. Ila chake kilikuwa kipana, kwa sababu alibeba maji ya kunywesha abiria wote, na kiliziba rejeta nzima, upepo usifike kuipoza injini. Wakati wa kurudi maji yalikuwa yameshanywewa na kiriba kimesinyaa. Tukaikimbiza pikapu huku na huko uwanjani, ikachemka, ikazima. Tukahamishia kiriba ubavuni, ikapoa, na ikaanza tena kufika vilevile. Nilifurahi mno, nikamkumbatia dereva na mikono yangu ya grisi.

Nilimwita afisa aje aone kwa macho yake. Nilimwonyesha kiriba kikiwa mbele, kisha kikiwa ubavuni, na dereva akaendesha mara zote mbili. Afisa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Kazi nzuri. Kesho itaendeshwa na dereva mwingine, nimeshampata."

"Lakini bwana, si nimekuonyesha?"

"Umenionyesha gari, si mtu," akasema, akaondoka zake.

Dereva alikuwa amesimama kando yangu, amesikia yote. Alichomoa ufunguo, akaufuta vumbi kwa ncha ya kikoi chake, akaniwekea mkononi. Aliniuliza kama kesho ningeweza kumwomba huyo dereva mpya awasalimie watoto wake kule Habaswein.