Tangi la Hagadera Nililolipima kwa Nje

Nilitumwa Hagadera kupima tangi nililokatazwa kulifungua. Ni tangi la chuma la dizeli. Dizeli hiyo inaendesha jenereta, na jenereta ndiyo inayovuta maji ya kisima cha watu wa kambi ya wakimbizi. Kulifungua ni kulimaliza mafuta kwanza, na hapo pampu inazimika. Bosi akaniambia, "Nenda ukajue kama limeliwa na kutu, ila ndani usiingie." Mimi mtu wa Mombasa, kutu naijua tangu utotoni, nikajiona ndiye hasa.

Garissa nilifika jioni, nikala wali na nyama ya ngamia, nikalala. Kesho yake mimi na dereva tukashika njia ya Dadaab, vumbi hadi kwenye meno.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, nilikuwa Hagadera. Mwendesha pampu, Abdirahman, mkimbizi wa makamo, alinipa chai ya maziwa.

"Karibu, walaal," akasema, yaani ndugu. "Hii tangi ukifunga, bibi yangu atabeba maji kutoka wapi?"

Nilitoa kimashine changu. Unakibandika nje ya bamba, kinakwambia chuma kimebaki na unene gani. Nilizunguka, nikapanda ngazi, nikapima kuanzia chini hadi juu. Ukuta mzima kabisa. Sakafu haifikiki kwa nje, lakini nikajiambia, ukuta ukiwa hivi, sakafu itakuwa na nini? Kiburi tu. Nikamwambia Abdirahman tangi ni zima. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kisha akampigia mkewe simu palepale.

Gari la polisi la kutusindikiza kurudi lilikuwa lije saa sita. Halikuja.

Saa kumi kasoro, kivuli cha tangi kilikuwa kimelala upande wa mashariki, mikeka ikatandikwa kwa ajili ya alasiri. Abdirahman akanipa birika la plastiki. Nilichutama pamoja na wenzangu, mgongo karibu na chuma, na nilipofika kuosha miguu nikaona maji yangu hayatuami wala hayaendi mbali. Yalikuwa yanaingia chini ya tangi.

Niliswali, Mungu anisamehe, lakini moyo haukuwepo.

"Mnatawadhia hapa tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu nianze kazi. Kila alasiri. Kivuli iko hapa."

Niliomba jembe. Tukafukua udongo mpaka kwenye ukingo wa sakafu, ule unaojitokeza nje kidogo. Ulibanduka kwa vidole, ganda juu ya ganda, kama kitunguu. Tukaenda upande wa magharibi, wasikotawadha, tukafukua tena. Huko ukingo ulikuwa mgumu, jembe likaruka. Sikuhitaji tena kuingia ndani.

Abdirahman aliketi chini. "Kwa hivyo utafunga."

"Nitafunga. Dizeli ikivuja hapa, itashuka mpaka kwenye kisima."

Tulikubaliana na msimamizi wa maji kwamba jenereta itumie mapipa, pampu ifanye kazi nusu siku, hadi sakafu ibadilishwe. Nusu siku maana yake ni foleni ndefu, na kila mtu pale alilijua hilo. Abdirahman akampigia mkewe tena. Hakunilaumu, na nilitamani angenilaumu.

Nikiwa njiani kurudi, nililala Garissa na kuandika ripoti hukohuko. Siku hizi kimashine hukaa mkobani kwanza. Nauliza watu huketi wapi, huosha wapi, humwaga wapi maji. Wengine wananiona mmbea, na waone hivyo.

Baadaye Abdirahman alinipigia. Sakafu mpya imewekwa, maji yanatoka kutwa, na watu wanatawadhia mbali. Halafu akauliza kama ofisini kwetu wanajua kwamba mwanzo nilisema tangi ni zima. Nikamwambia wanajua, niliandika mwenyewe.



"Na mimi niliambia watu," akasema, "ni mimi nilionyesha wao watawadhe hapo kwa tangi."