Wezi wa Bi Taratibu

Watu walimwita Bi Taratibu, na aliyemwita hivyo hakumwonea. Ukimtuma chumvi kwa jirani, unaweza kukoka moto, kumenya vitunguu na kugombana na mtu kabla hajarudi. Mvivu hakuwa, na anayesema alikuwa mvivu hajawahi kushinda naye malishoni. Ila haraka kwake ilikuwa kama viatu vya mtu mwingine. Alijua vipo, na hakuona sababu ya kuvivaa.

Aliishi na dada yake mkubwa katika nyumba waliyoachiwa na mama yao, ambayo dirisha lake la jikoni lilitazama malisho. Nyonga za Dada zilikuwa zimechoka siku nyingi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dirishani na kuhukumu ulimwengu. Mama yao, Mungu amrehemu, aliwaachia pia kundi la kondoo, na sheria moja ya mezani: mkubwa kwanza. Mkubwa ndiye anayepakuliwa kwanza, anakula kwanza, na mdogo hagusi chake mpaka mkubwa aseme "haya." Na Dada hakuwa mtu wa kusema haya haraka. Matonge mawili, hadithi. Tonge la tatu, hadithi ina mkia. Bi Taratibu alikuwa amekula chakula kilichopoa tangu utotoni, na mtu akimuuliza, alisema anakipenda hivyo hivyo.

Kondoo wake walikula majani peke yake. Hakuna pumba, hakuna mashudu, hakuna gunia lolote lililoingia pale langoni. Mwenye bucha wa mjini, bwana mwenye mikono mipana na maneno ya kupima, alikuwa na wateja waliotaka nyama ya majani na si nyingine, na kwa miaka mingi alichukua wanakondoo wa mama yao, kisha wa Bi Taratibu. Halafu mambo yakaanza kwenda kombo. Msimu uliopita alimwita machinjioni akamwonyesha nyama ikining'inia. Mgongo ulikuwa mtupu, hauna hata utando wa mafuta wa kuufunika, na nyama yenyewe imeanza kukauka na kuwa nyeusi pembeni. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Mama, siwezi kumuuzia mtu nyama inayokauka kabla haijafika jikoni kwake," alisema. "Nitachukua wa msimu ujao nione. Wakiwa hivi tena, nitahamia kwa binamu yako."

Binamu huyo alinenepesha kondoo wake bandani kwa magunia, na kwa muda mrefu alikuwa akilimezea mate kundi la kina dada hawa pamoja na malisho yao. Alikuja, akanywa chai, akawaambia kwa sauti ya huruma kwamba umri umekwenda, wapumzike. Dada na mdogo wake walikwisha kubaliana: mwenye bucha akiondoka, hakuna mwingine wa kuwachukua, na kundi litakwenda kwa binamu. Bi Taratibu alikubali kwa kichwa tu. Moyoni alijua kwamba kondoo wale wakitoka langoni, hatajua mikono yake aifanyie nini asubuhi.

Basi msimu huo alihangaika kweli kweli. Manyoya ya kondoo ni mwongo mkubwa. Kondoo aliyebaki mifupa anaweza kuonekana mnene kama mto wa kulalia. Kwa hiyo mama yao aliwafundisha kusoma mgongo kwa mkono. Unapitisha vidole juu ya uti wa mgongo, nyuma ya mbavu za mwisho. Ukisikia kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa, huyo bado. Ukisikia kama mgongo wa kiganja ulionyooshwa, mifupa ipo lakini imefunikwa, huyo yuko tayari. Bi Taratibu alipapasa migongo hiyo kila wiki, na kila wiki alikutana na ngumi.

Alilaumu mvua. Alilaumu minyoo, akawanywesha dawa. Alimlaumu dume, ambaye hakujitetea. Malisho aliyagawa vipande vipande kwa uzio wa waya, na kila kipande kilipokwisha alifungua lango la kipande kingine chenye majani machanga. Alifungua kama alivyozoea: majike kwanza. Mama zao wanaingia, wanachagua, wanashiba, wanalala kucheua. Ndipo wanakondoo wanaruhusiwa kuingia na kula kilichobaki. Hakuna aliyewahi kumwambia afanye hivyo. Hakuna pia aliyewahi kumwona mtu akifanya vingine, maana nyumbani kwao hata paka alisubiri zamu.

Kilichomkera zaidi ni wezi. Walikuwa wanakondoo watatu waliogundua mahali waya ulipolegea karibu na nguzo ya pembeni. Kabla lango halijafunguliwa, wao walikwisha penya upande wa pili, wako peke yao katikati ya majani mapya, wanakata ncha laini na yale majani ya chini yenye maua meupe kama wamealikwa. Bi Taratibu alikwenda akawatoa mmoja mmoja akiwasema kwamba hawana adabu, hawana haya, na sijui wamezaliwa na nani. Akakaza waya. Kesho yake walipata pengine. Dada, dirishani, aliona yote na kutoa hukumu kwamba watoto wa siku hizi ndivyo walivyo.

Ikafika asubuhi moja alipowakusanya wote zizini kuwapapasa. Alipita ngumi, ngumi, ngumi, roho ikizidi kumshuka. Kisha mkono wake ukatua juu ya mgongo mmoja ukasimama. Akapapasa tena. Mifupa ilikuwepo, lakini mbali, chini ya kitu laini. Akainama kumtazama usoni. Alikuwa mwizi. Akawatafuta wenzake wawili kundini, akawapapasa. Hao nao migongo ilikuwa imefunikwa.

Alikaa chini palepale kwenye samadi. Malisho yalikuwa yaleyale, mvua ileile, dume yuleyule. Wezi walikuwa na kitu kimoja tu ambacho wenzao hawakuwa nacho, nacho ni kwamba walitangulia. Wao walikula ncha. Wengine walikula mabua yaliyokanyagwa na mama zao. Na yeye, mwanamke mzima, alikuwa amekesha kuwazuia wale pekee waliokuwa wakimwonyesha njia. Alijionea aibu, kisha akacheka, kisha aibu ikarudi.

Mchana alimwambia Dada. Alimweleza kwamba atatengeneza fremu ya mbao yenye nafasi finyu, aiweke kwenye uzio, ili wanakondoo wapite kwenda kipande kipya na mama zao washindwe. Watoto watakula kwanza, wakubwa watafuata nyuma kusafisha. Dada alisikiliza akiwa ameshika kijiko hewani. Hakuwa amesema "haya" bado, na chakula cha mdogo wake kilikuwa kikipoa kama kawaida.

"Kwa hiyo unataka kusema mama alikosea," Dada alisema.

"Mama alikuwa anatulea sisi, Dada. Mimi nalea kondoo wa kuchinjwa."

Dada alirudisha kijiko sahanini akanuna. Alinuna mpaka jioni, na kwa mtu mpenda hadithi kama yeye, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Bi Taratibu alipigilia fremu yake nje bila kumbembeleza, ingawa ilimuuma.

Fremu ilipowekwa, wezi walipita kwanza kana kwamba walikuwa wakiisubiri tangu kuzaliwa, na wenzao wakafuata mkia kwa mkia. Mama zao walisimama nyuma wakilalamika. Jike mmoja mnene, waliyembatiza Mama Mkwe, alikataa kuamini kwamba sheria hiyo inamhusu; akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akakwama kwenye nyonga akabaki hapo, nusu ugenini nusu nyumbani. Bi Taratibu alikuwa akimvuta kwa nyuma aliposikia kutoka dirishani sauti ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Dada alikuwa anacheka mpaka machozi.

Tangu hapo Dada akajipa ukaguzi wa fremu. Kila jioni alitoa taarifa ya nani alipita wa kwanza, nani alizubaa, na nani alionekana kama bado ana ngumi mgongoni. Hakusema kwamba amekubali. Alisema tu kwamba yeye ana macho, ayatumie. Bi Taratibu aliendelea kupapasa, na wiki baada ya wiki vidole vyake vilizama kidogo zaidi. Hakuthubutu kufurahi. Moyo aliufunga kama mtu anavyofunga mfuko uliotoboka, kwa kuushika tu kwa mkono.

Siku ya kuwapeleka ilipofika, kishawishi kilikuwa kupeleka wote ili mwenye bucha aone wingi. Akajikaza. Alichagua wale tu ambao kiganja chake kiliridhika nao, waliobaki akawarudisha malishoni. Akawapeleka kwa mwendo wake, bila fimbo na bila kelele, maana kondoo akifika machinjioni na hofu, nyama huharibika hata kama alilishwa vizuri. Hapo jina lake lilimfaa. Walifika wametulia, wakanywa maji, wakalala kwenye majani makavu ya zizi la kusubiria.

Asubuhi mwenye bucha alimkuta amesimama kwenye sakafu iliyooshwa, amekunja kanga mikononi kama anaikamua maji. Nyama zilikuwa zinaning'inia. Bwana yule alitembea kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Alirudi, akaweka kidole gumba juu ya mgongo wa mmoja, akabonyeza. Mafuta yalikuwa yamefunika mgongo wote, membamba, sawasawa, yenye rangi ya maziwa.

"Hawa umewalisha nini?"

"Majani."

"Yaleyale?"

"Yaleyale. Foleni ndiyo iliyobadilika."

Hakuelewa, wala hakuuliza zaidi. Alisema waliobaki awalete wakiwa tayari, na msimu ujao pia, kama siku zote, halafu akaita vijana wake wapakie. Bi Taratibu alijibu vizuri, akaaga vizuri, akatoka nje hadi nyuma ya ukuta ambapo hakuna mtu, akaegemea tofali na kushusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu msimu uliopita. Alilia kidogo, akajifuta, akashika njia.

Dada alimwona kutoka mbali na akateseka, maana mdogo wake alitembea taratibu akiwa na habari njema na taratibu vilevile akiwa na msiba. Hakuna cha kusoma katika mwendo ule. Alipoingia mlangoni Dada alikuwa amesimama, kashika meza kwa sababu ya nyonga, na chakula kimeshapakuliwa, mvuke unapanda.

"Wamebaki," alisema Bi Taratibu. "Kondoo wetu wamebaki."

Dada alirudi kwenye kiti akafunika uso kwa viganja. Kisha Dada akavuta sahani ya kwanza, ile yake, akaisukuma mpaka mbele ya mdogo wake, na mikono yake akaiweka mapajani.

"Kula," alisema. "Mimi nitafuata."

Bi Taratibu alitaka kuirudisha. Alitazama uso wa dada yake, akaacha. Akatia tonge mdomoni na kuungua ulimi, maana hakuwa na mazoea. Kwenye meza ile hakuwahi kula chakula cha moto hata siku moja. Machozi yalimtoka, akameza hivyo hivyo, akachukua tonge jingine.