Wimbo wa Mpira wa Mwalimu Barasa

Punda wa baba alikuwa na kiburi, havuki mto mpaka aimbiwe. Aliyemweza ni Mwalimu Barasa peke yake, mgeni kutoka magharibi mwa nchi aliyefundisha kwaya yetu hapa Gakindu. Juzi wajukuu wangu walikuwa wakicheza wimbo wa mashindano ya mpira kwenye simu, nikamkumbuka.

Mwalimu alitungia timu ya taifa wimbo wa kwenda nao mashindano ya nje, akautuma kwenye kituo cha redio. Kwanza aliujaribu kwa akina mama wa kwaya, akitia maneno ya Mungu mahali pa mpira. Siku ya mchezo tulijaa kwenye kiwanda cha kahawa palipokuwa na redio, maganda yakinuka uchachu, tukingoja jina lake litajwe. Wimbo ulipoanza wazee wakavua kofia, ati ni ibada.

"Huo ni wetu!" Mama Wangari wa kwaya akapiga kelele.

Lakini mtangazaji akataja mtunzi mwingine kabisa, mtu wa Nairobi. Mimi, mtoto bado, niliamini redio inasikia, nikaisogelea nikaifokea, "Ni wa Barasa!"

"Wacha, kijana," Mwalimu akacheka. "Mtu haibi kitu kibaya. Naenda kuwaambia mwenyewe."

"Kunywa chai kwanza, Mwalimu," Mama Wangari akamwambia.

"Nitakunywa nikirudi."

Akavaa koti, akashika barabara akipiga mluzi. Nilidhani watu wa redio wanakaa hapo nyuma ya kilima tu. Chai ikapoa, tukaipasha moto tena, ikapoa. Hakurudi.