Jumatatu ya Waridi, Siku ya Tatu

Nina ugonjwa ambao haujapata dawa: nasahihisha Kiswahili cha watu. Huu ni mwaka wangu wa kumi na tatu hapa Durban. Nashona sare za shule na mapazia katika chumba cha ghorofa ya kwanza, katikati ya mji. Chini yangu kuna Wakongo wenye saluni, Warundi wenye maduka ya simu, na Watanzania wachache wa aina yangu, ambao duka hatuna lakini Kiswahili tunacho. Mtu akisema "iko watu wengi," mimi nadakia: "Wapo. Watu wapo." Akisema "minakuya," nasimamisha mashine ili nimwambie "ninakuja." Ndiyo maana pale chini wananiita Mwalimu. Kwa miaka mingi nilidhani ni heshima.

Dada yangu ndiye aliyenilea. Mama alipofariki nilikuwa sijaanza shule, naye alikuwa msichana mkubwa, na karibu kila ninachokijua nilikijua kwake kwanza, pamoja na siku za wiki, alizonihesabisha kwa vidole kuanzia Jumamosi. Sasa anaishi Köln, Ujerumani. Yuko peke yake tangu mumewe alipofariki, na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ni mtu wa haya mno. Katika picha za harusi yake amejificha nyuma ya maua yake mwenyewe. Picha hizo niliziona kwenye simu, kwa sababu harusini nilisema nitakwenda na sikwenda.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alinipigia. Aliniambia kuwa kabla ya Kwaresima mji wao wote unashikwa na wazimu wa kanivali: meneja wa benki anavaa kama kuku, bibi wa miaka themanini anapaka pua rangi nyekundu, na kilele chake ni maandamano ya siku ambayo wenyewe wanaiita Jumatatu ya Waridi. Majirani zake wana kikundi kinachotembea katika maandamano hayo na kuwarushia watu pipi. Kila mwaka wanamwalika, na kila mwaka anasema yuko zamu.

"Mwaka huu sijawajibu," alisema. "Nafikiria nitembee. Lakini watu wote wale kando ya barabara, hakuna hata mmoja anayenijua. Nataka mmoja tu, mdogo wangu. Mmoja wa kuniita kwa jina la nyumbani. Ukija, natembea. Usipokuja, nabaki na wazee wangu."

"Nakuja," nilisema.

"Unasema kweli, au unasema tu?"

"Dada, nakuja."

Nilikata simu nikiwa na furaha na woga pamoja. Harusi niliikosa. Mazishi ya shemeji niliyakosa. Hili lilikuwa jambo dogo kuliko yote mawili, na ndilo aliloniomba kwa mdomo wake.

Basi nikaanza maandalizi, na maandalizi yangu yalianzia pale pasipo na maana, kwenye vazi. Nilikata shauri niende nikiwa simba. Nilishuka hadi soko la Warwick nikatafuta kitambaa cha manyoya ya rangi ya mchanga. Mama aliyekuwa akiuza aliniuliza kama namshonea mtoto. Nilipomwambia ni vazi langu mimi, aliniangalia kwa muda, akaniongezea nusu mita bila kuombwa. Nadhani alinihurumia. Nilishona siku tatu, nikaacha sare za watu zikinisubiri mezani. Fundi mzima, miaka yote hii kwenye cherehani, na bado nilipojitazama kwenye kioo nilimwona mbuzi aliyetoka kuugua.

Tiketi nilikwenda kukata kwa Mrundi mmoja mwenye duka la simu pale chini. Anatengeneza vioo vilivyopasuka, anauza kava, na kwenye kompyuta ya pembeni anakata tiketi za ndege na kuwajazia watu fomu za visa. Ni mtu mpole. Nimemsahihisha kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na hajawahi kukasirika.

"Unataka kufika lini, Mwalimu?"

"Asubuhi ya sherehe yenyewe. Kazi zimenibana, siwezi kwenda mapema. Ni Jumatatu, ile ya wakati wa mfungo wa Wakristo."

"Aah, kareme!"

Sikujua kareme ni nini. Kanisani mimi ni mtu wa Krismasi na Pasaka, ya katikati nawaachia wenye muda. Lakini mwalimu haulizi. Nikatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeijua kareme tangu tumboni.

"Sasa ni siku ya tatu?" akauliza.

Mtu mwenye akili zake angesema "Monday" akaondoka. Yule bwana anajua Kiingereza, tena anajua Kifaransa, tungemalizana kwa neno moja. Lakini mimi niliona nafasi ya kufundisha. Nilivuta kiti nikakaa.

"Sikiliza, ndugu yangu. Juma. Tatu. Neno lenyewe linajieleza. Juma ni wiki, tatu ni tatu. Siku ya tatu ya wiki. Huo ndio uzuri wa Kiswahili, kinakwambia chenyewe."

"Siku ya tatu ya wiki," alirudia huku akiandika. "Pale kareme inaanza."

"Umeona? Ukitulia unaelewa."

"Nimeelewa, Mwalimu. Unakaa siku ngapi?"

"Nne."

"Siku ine."

"Nne."

"Nne," akasema, akatabasamu kidogo.

Tiketi ilipoingia kwenye simu nilikagua mambo mawili: kama jina langu limeandikwa sawasawa, na kama nimepata kiti cha dirishani. Tarehe niliiona. Lakini dada alikuwa amenitajia siku, hakunitajia tarehe, na mimi sikumwuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema wale waliouliza. Fomu ya visa ikajazwa kwa tarehe zile zile, na visa ikatoka. Siku ile nilipanda ngazi kwa mbwembwe, nikampiga picha mbuzi wangu wa manyoya, nikamtumia dada pamoja na tiketi.

Alipiga baada ya dakika chache.

"Hii tiketi ni ya Jumatano," alisema.

"Haiwezekani."

"Unafika Jumatano ya Majivu. Siku hiyo ndiyo Kwaresima inaanza. Kanivali inakuwa imekwisha, watu wako makazini, magari ya usafi yanafagia."

Nikasema la kijinga: nitabadilisha. Akanikumbusha kuwa visa nayo inaanza Jumatano. Nikamwuliza kama atatembea hata hivyo.

"Nitaangalia zamu," alisema. "Wewe njoo hivyo hivyo."

Hakunilaumu. Angenitukana ningepumua.

Nilishuka ngazi nikiwa nimejaa hasira. Nilimkuta Mrundi na kioo cha simu mkononi, na Wakongo wawili wa saluni wamekaa wakisubiri simu zao. Nilimwekea tiketi mbele ya uso.

"Nilikwambia Jumatatu!"

"Ndiyo, Mwalimu. Siku ya tatu."

"Hii ni Jumatano!"

"Ndiyo. Siku ya tatu." Aliweka kioo chini, akahesabu kwa vidole. "Lundi, siku ya kwanza. Mardi, siku ya pili. Mercredi, siku ya tatu. Na kareme, ile Kwaresima yenu, inaanza siku ya tatu, kila mukristo anajua. Wewe tatu yako inatoka wapi?"

"Inaanzia Jumamosi," nilisema. "Jumamosi ni mosi, Jumapili ni pili..."

"Samedi?" mama mmoja wa saluni akaingilia. "Eish, Mwalimu! Nani anaanza wiki samedi? Iko kazi gani inaanza samedi?"

Walicheka wote. Nilifungua mdomo kuwasahihisha nikakuta hakuna cha kusahihisha. Kwao wiki inaanza na siku ya kazi, na tatu yao inaangukia Jumatano. Kwetu hesabu inaanza Jumamosi, na tatu yetu inaangukia Jumatatu. Miaka kumi na tatu nimewasikia wakisema siku ya kwanza, siku ya pili, nikawa nasahihisha bila kusikiliza. Na huyu bwana hakukosea. Aliuliza vizuri, nami nikamjibu kwa mhadhara. Mdomo wangu ndio ulioniponza, na mbaya zaidi ulimponza dada yangu.

Mrundi alijaribu kupiga simu huku na huko ili tiketi ibadilishwe, haikuwezekana. Kabla sijaondoka alichukua paketi ya pipi kwenye kaunta akaniwekea mfukoni.

"Utamupa dada. Umuambie siku ya tatu inaomba samahani."

Sikusahihisha kitu.

Jumatatu ilipofika nilikuwa bado Durban, nashona marinda ya sketi za shule. Nilimpigia dada asubuhi, hakupokea. Nikapiga mchana, hakupokea. Nilijiambia yuko zamu, anamlisha mzee fulani supu, majirani wamepita dirishani na pua zao nyekundu. Niliumia, na nilistahili kuumia. Jumanne nikapanda ndege, na njia nzima sikulala. Nilikuwa natunga namna ya kuomba radhi. Nilichagua maneno, nikayabadilisha, nikayapanga upya, yakawa mazuri kweli, Kiswahili kilichonyooka.

Dada alikuwa uwanja wa ndege amevaa koti lake la kazini. Sauti yake ilikuwa imekauka kabisa, kama mtu aliyetoka kwenye mpira. Nilianza: "Dada, kwanza kabisa naomba uniruhusu..."

"Nilitembea!" alisema kwa kile kisauti kilichobaki. "Nilivaa kama nyuki! Nilirusha pipi zote, sikubakisha hata moja, mkono huu hauinuki. Simu niliiacha nyumbani. Watu wananipigia kelele, nami nawapigia, mpaka tumefika mwisho sijui tumefikaje."

"Na jina la nyumbani?" nilimwuliza. "Nani alikuita?"

Alifikiri. Aliona aibu kidogo, ile haya yake ya zamani.

"Kusema kweli, mdogo wangu, nilisahau kwamba hukuja."

Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka. Na iliniuma, sitadanganya. Mtu anavuka bara zima na hotuba ya toba mkononi, kumbe hakuna kesi.

Nyumbani kwake nilimpa pipi za Mrundi na kumweleza habari yote, ya kareme, ya juma na tatu, ya mama wa saluni na samedi yake. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akataka kuliona lile vazi. Alilishika kwa ncha za vidole, akaligeuza mbele na nyuma.

"Mbuzi huyu ana nini?"

"Ni simba."

Akalitundika mlangoni, karibu na mabawa yake ya nyuki. Akamenya pipi moja, akaikata kwa meno, nusu akanipa mimi, kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Unaondoka lini?"

"Jumapili."

Aliinua mkono akaanza kuhesabu vidole, vile vile alivyonihesabisha nilipokuwa mdogo, kisha akasita.

"Jumapili ya kwetu," aliuliza, "au siku ya pili ya yule Mrundi wako?"

Siku ya pili ya Mrundi ni Jumanne. Ningebaki naye siku mbili zaidi. Nilitoa simu nikaisoma tena ile tiketi, herufi kwa herufi, nikiomba Mungu safari hii pia niwe nimekosea.