Printa za Bweni la Wavulana

Wanafunzi walimwita Shangazi Kufuli, na mwenyewe alilijua jina hilo, maana walilitaja chini ya dirisha lake wakisahau kwamba kuta zina masikio. Alikuwa fundi wa mtandao wa chuo. Ofisi yake ilikuwa chumba cha chini ya ngazi, chenye kabati la waya, feni mbovu na kiti kilichofungwa kwa utepe mweusi. Alipoajiriwa, nywele zikiwa bado nyeusi, alidhani kazi yake itakuwa kuunganisha watu. Wapi! Kila mwaka mkuu wa kitengo alikuja na jambo jipya la kuzuia, naye akazuia. Sinema zikaenda, kisha simu za picha, kisha gemu. Kazi ni kazi, alijisemea, bora mkono uende kinywani.

Ndipo akaja kijana wa ghorofa ya tatu, mrefu, mpole hadi anakera, amekumbatia mashine ya gemu.

"Shikamoo, Shangazi. Hii haiingii kwenye waifai."

"Marahaba. Na haitaingia. Mtandao wetu unataka ufungue ukurasa, uandike jina na paswedi. Hiyo mashine yako itaandikia wapi?"

"Ndiyo shida yenyewe."

"Basi umeshajijibu. Kasome, baba."

Kijana hakuondoka. Akaeleza, macho sakafuni, kwamba ana mdogo wake wa kike huko nyumbani, mbali. Tangu wamzike mama yao, mtoto hasemi. Hasemi na baba, hasemi na mwalimu, na ukimpigia simu unasikia pumzi tu. Lakini akivaa hedifoni na kushika pedi ya gemu, wakacheza mpira wa mtandaoni pamoja, ulimi unamfunguka. Anatania, anamgombeza refa, na siku moja alimtaja mama. Kwa bando la simu mchezo hukatika kila mara, na ukikatika mtoto huzidi kujifungia.

Shangazi Kufuli alikasirika, na kilichomkasirisha ni kwamba dawa aliijua. Printa nazo hazina pa kuandikia paswedi, kwa hiyo huruhusiwa kwa namba ya mashine iliyobandikwa mgongoni, na hupita bila kuzuiwa chochote.

"Geuza huko nyuma nione," akasema, akaisajili mashine ya gemu kuwa printa.

Jioni alipanda bwenini kutengeneza waya uliotafunwa na panya. Mlango wa kijana ulikuwa wazi, na sauti ya mtoto ilikuwa inatoka kwenye spika: "Shuti gani hilo, kaka? Hata bibi angelidaka!" Shangazi alisimama kwenye korido na koleo lake mkononi, akacheka peke yake. Kwa miaka mingi kazi hii haikuwa imempa furaha ya namna ile.

Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kijana alimwambia mwenzake wa chumbani tu, na mwenzake naye akamwambia rafiki mmoja tu. Wakaanza kushuka ngazi, kila mtu na mashine kwapani na kisa chake. Huyu ana mchumba ng'ambo, yule eti daktari amemwagiza acheze. Shangazi alijua wanamdanganya, ila angemkatalia nani, na mlango ameufungua mwenyewe? Akawasajili wote, printa juu ya printa.

Siku moja akashuka mkuu wa kitengo.

"Dada, bweni la wavulana lina printa nyingi kuliko ofisi zote za chuo. Wanachapa nini kule, magazeti?"

"Zifute zote, bosi. Niachie moja tu, nakuomba." Akamsimulia habari za yule binti.

Mkuu alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Shangazi.

"Masikini, pole yake," akasema. "Lakini nikiacha moja, kesho zitarudi zote. Si umeona mwenyewe?"

Alikuwa ameona. Akazifuta, mkuu akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, kisha akafunga njia ya printa bwenini moja kwa moja. Laiti angemwambia yule kijana afunge mdomo wake! Au angewafukuza wale waongo kwa ufagio! Sasa majuto yalikuwa mjukuu.

Kesho yake kijana akaja. Hakufoka, angefoka ingekuwa nafuu.

"Imekatika katikati ya mechi, Shangazi. Baba anasema mtoto hajaondoka mbele ya runinga tangu jana."

"Mpigie. Tumia simu hii ya ofisi, mpigie sasa hivi."

Baba alipokea, akasema anamwekea mtoto simu sikioni. Shangazi akabonyeza spika ili na yeye asikie.

"Ni mimi, kaka yako," kijana akasema. "Wamefunga mtandao. Sijakukimbia, unanisikia? Sema chochote. Nitukane basi."

Kwenye simu vilisikika vitufe vya pedi tu, vikibonyezwa bila kupumzika. Mtoto alikuwa bado anamwita kaka yake aingie uwanjani.