Mechi za Nyumbani Zisizo na Uwanja

Ratiba ya ligi ilitoka Jumatatu asubuhi, na kabla ya saa nne kila shabiki wa Dhoruba pale sokoni Shinyanga alikuwa ameinamia simu yake, uso umekunjamana kama wa mtu anayesoma majibu ya hospitali. Mwahija Salmini hakuinamia simu. Alivuka barabara hadi duka la fotokopi, akachapishiwa ratiba yote karatasi mbili, akarudi nazo kibandani kwake, akazitandaza juu ya cherehani na kuchukua kipande cha chaki ya kuchorea nguo.

Alikuwa fundi wa miaka hamsini na moja, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Watu walimwita Mama Yasmini, kwa jina la binti yake wa pekee aliyekuwa chuoni Dodoma. Kila bendera ya zambarau na nyeupe iliyopepea katika mechi za Dhoruba ilikuwa imepita chini ya sindano yake, na kwa miaka kumi na mbili ndiye aliyekuwa akiongoza kina mama wapiga ngoma wa upande wa mashariki. Sasa timu ilikuwa imepanda Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, na mji mzima ulijiona umepanda nayo.

Wa kwanza kufika kibandani alikuwa Makoye, dalali wa mawe ya almasi kutoka Maganzo, ametua na pikipiki yake mpaka karibu na mlango.

"Umeona, Mama Yasmini? Mechi tano za kwanza za nyumbani, nne ni katikati ya wiki. Jumatano saa nane mchana! Jua la saa nane la huku wanalijua wao? Vijana wangu wanatoka shimoni saa kumi. Nani atakuja uwanjani?"

"Wanataka tucheze bila watu," alisema muuza viatu wa kibanda cha pili. "Tukicheza bila watu tutafungwa, tukifungwa tutashuka. Wameshapanga."

Mzee Maige, mkulima wa Samuye aliyekuja kuchukua suruali yake, alisikiliza kwa muda kisha akasema kwamba yeye hana shida, maana ng'ombe wake hawajui Jumatano ni nini. Watu walicheka. Mwahija hakucheka. Chaki yake ilikuwa imesimama mahali pamoja kwenye karatasi.

"Ninyi mnaangalia siku," alisema. "Angalieni safu ya mwisho. Kila timu ya nyumbani imeandikiwa jina la uwanja wake. Kila timu. Sisi tumewekewa kistari."

Makoye aliinama. Ni kweli. Mbele ya kila mechi ya nyumbani ya Dhoruba, pale palipotakiwa kuandikwa uwanja, palikuwa na kistari kifupi tu.

"Tumepangiwa siku, hatukupangiwa mahali," alisema Mwahija. "Na aliyetuficha jambo hili hayuko Dar es Salaam. Yuko hapahapa."

Jicho hilo la kusoma ratiba hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa mume wake, Nuruddin, dereva wa malori makubwa kwenye mgodi mmoja upande wa Geita. Nuruddin alikuwa na zamu: siku kumi na nne kazini, siku saba nyumbani. Karatasi ya zamu aliibandika mwenyewe ukutani, juu ya kitanda, na Mwahija aliiamini kama mtu anavyoamini kalenda. Mpaka alipokwenda msibani Kahama, akakaa mkekani na mwanamke aitwaye Paskazia, ambaye mumewe alikuwa kundi moja na Nuruddin. Paskazia alisema, bila nia yoyote, kwamba afadhali mgodi ulibadili zamu, siku hizi wanaume wanakaa kazini siku saba tu. Mwahija alirudi nyumbani, akasimama mbele ya ile karatasi, akahesabu. Kulikuwa na siku saba katika kila zamu ambazo mume wake hakuwa mgodini wala hakuwa kwake. Alizifuata siku hizo hadi Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi, na huko akazikuta: zina nyumba ya bati, mke, na watoto wawili wanaoanika dagaa. Nuruddin alikuwa mlangoni, lakini Mwahija hakupiga kelele. Aliomba maji, akanywa, akarudi Shinyanga na kudai talaka yake. Tangu siku hiyo, karatasi yoyote yenye tarehe ilikuwa kwake kama mtu anayesema uongo mpaka athibitishe vinginevyo.

Basi alianza kumchunguza Cornel.

Cornel alikuwa katibu wa Dhoruba, kijana wa miaka thelathini na minane, muuza mbegu na dawa za mifugo, duka lake likitazamana na kibanda cha Mwahija. Mchana uleule Mwahija alimwendea.

"Shikamoo, Mama Yasmini."

"Marahaba, katibu. Hiki kistari ni nini?"

Cornel aliitazama karatasi muda mrefu kuliko ulivyohitajika. "Makosa ya uchapaji tu, mama. Watarekebisha."

"Makosa ya uchapaji mara kumi na tano, kwa timu moja?"

"Watarekebisha," alirudia, na simu yake ilipolia akatoka nje kuipokelea nyuma ya duka, kwenye magunia matupu.

Kuanzia hapo Mwahija alishona huku jicho moja likiwa ng'ambo ya njia. Aliona kwamba Cornel, ambaye zamani alikuwa akipokea simu kwa kelele za kusikika soko zima, sasa kila simu aliipokelea nyuma. Aliona duka limefungwa Jumanne, na Ijumaa likafungwa tena. Alipouliza alikokuwa, mkewe Violeth alijibu, "Geita, mambo ya mbegu." Mbegu gani, na msimu wa kupanda bado? Naye Makoye akaleta habari kutoka Maganzo: kuna watu wanasema mechi za nyumbani zimeuzwa. Kwamba timu itapelekwa kucheza mbali, kwenye mji wenye watu wengi, na wakubwa wawili watatu watakaa kimya kwa sababu wameshalipwa wakae kimya.

"Nani anasema?" Mwahija aliuliza.

"Watu."

"Watu gani?"

Makoye aligeukia pikipiki yake, akasema lazima awahi Maganzo. Lakini neno lilikuwa limeshaingia, na kwa kuwa lilikaa vizuri juu ya yale aliyoyaona kwa macho yake, Mwahija alilipokea.

Jumapili mashabiki walikutana kwenye banda la tawi. Cornel alisimama kusoma taarifa ya maandalizi, akasoma jezi, akasoma usajili, akasoma kambi. Hakusoma uwanja. Alipokaa tu, Mwahija alisimama.

"Katibu, mimi sina maneno mengi. Timu yetu umemuuzia nani?"

Banda lililipuka. Watu walipiga meza. Mtu alimwita Cornel mwizi. Mwenyekiti alijaribu kutuliza hali, sauti yake ikamezwa. Cornel alisimama, mikono ikining'inia. Angeweza kukanusha. Hakukanusha. Alichukua daftari lake na kutoka kwa mlango wa nyuma, na kwa Mwahija kimya kile kilikuwa ushahidi tosha. Nuruddin naye, siku ya Nkome, alinyamaza hivyohivyo.

Alhamisi duka la mbegu halikufunguliwa. Mwahija alifunga kibanda, akajitanda mtandio, akapanda basi la asubuhi la kwenda Geita. Njiani alipanga maneno. Alitaka amkute Cornel mezani na wanunuzi, soda zimefunguliwa, karatasi zinatiwa saini. Alitaka amsalimie kwa upole kabisa, kisha avute kiti.

Geita alifika adhuhuri. Aliuliza uwanja wa mpira, akaelekezwa, akaingia kwa lango la pembeni. Hakukuwa na meza wala soda. Cornel alikuwa peke yake na mlinzi wa uwanja, mzee mmoja aliyevaa kofia ngumu ya wachimbaji. Cornel ameshika futi ya kupimia, suruali imekunjwa magotini, anapima upana wa mlango wa choo.

Alipomwona Mwahija, futi ilijirudisha yenyewe kwa mlio mkali.

"Umenifuata, mama."

"Nimekufuata. Sema."

Cornel alifungua begi lake, akatoa bahasha iliyochakaa kwenye mikunjo, akampa. Ilikuwa barua ya wakaguzi wa viwanja. Mwahija alitazama tarehe kwanza, kama kawaida yake: miezi miwili iliyopita. Kisha akasoma. Uwanja wa Dhoruba haukufaa kwa Ligi Kuu. Vyumba vya kubadilishia havina maji. Vyoo havitoshi. Na mwisho, kwa maneno yaliyopigiwa mstari: ukuta wa upande wa mashariki una tundu kubwa linalopitisha watu, usalama wa wachezaji na mashabiki hauwezi kuhakikishwa.

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili. Upande wa mashariki ulikuwa wake. Lile tundu lilianza kama tofali moja lililolegea, na yeye, miaka mingi nyuma, siku ngoma kubwa ilipokataa kupita langoni, ndiye aliyesema lilegezwe la pili. Wakapitisha ngoma. Wiki iliyofuata wakapita wapiga ngoma. Baadaye nusu ya mji ikawa inapita hapo, na wote waliliita mlango wa kina mama.

"Maji na vyoo tumeshamaliza," Cornel alisema. "Ukuta ulihitaji nije kuwaambia ninyi. Nikajua nikisema, mtasema nawafukuza uwanjani. Nikaona nitafute pa kucheza kwanza, huku tukijenga kimyakimya. Hapa wamekubali mechi mbili. Wakaguzi walitaka nithibitishe vyoo vya hapa."

"Miezi miwili, Cornel."

"Najua."

"Miezi miwili umekaa na barua mfukoni, unaniambia makosa ya uchapaji. Kwa nini nisiamini kuna lingine unalolificha?"

Cornel alitikisa kichwa polepole. "Huwezi kuniamini, mama. Hilo nimeliharibu mwenyewe."

Walirudi kwa basi moja, viti tofauti. Mwahija aliiweka barua mapajani safari nzima, na hakuona fahari yoyote kwamba alikuwa amehisi sawasawa. Kitu kilifichwa, kweli. Ila alikuwa amekipa jina ambalo hakuwa na haki ya kulitamka, mbele ya watu mia.

Jumapili iliyofuata aliisoma barua mwenyewe, kwa sauti yake ile kubwa, mpaka neno tundu. Baadhi waligoma kuamini. Makoye alisema barua inaweza kutengenezwa popote siku hizi, hata Maganzo kuna anayetengeneza mihuri. Mwahija alimjibu, "Tundu je, nalo limetengenezwa? Si ulipita humo Mei, ukakwaruza koti?" Kazi ilianza Jumanne. Mzee Maige alileta mchanga kwa mkokoteni wa ng'ombe, wachimbaji wa Maganzo walichanganya saruji, na kina mama walibeba maji. Mwahija aliweka tofali la kwanza bila kuombwa.

Mechi mbili za kwanza zilichezwa Geita. Ziliitwa za nyumbani, lakini watoto wa pale walishangilia wageni, na wapiga ngoma wa Dhoruba walikaa kundi dogo juani kama wasafiri waliokosa gari. Moja walitoka sare, nyingine walifungwa. Kufikia mechi ya tatu uwanja wao ulikuwa umeshakaguliwa upya na kupita, na ratiba mpya ilipotoka, badala ya kistari paliandikwa Shinyanga.

Cornel hakuwepo kufurahia. Alikuwa amejiuzulu. Barua yake ya kujiuzulu ilikuwa ya mistari mitatu na haikumlaumu mtu.

Mwahija alikwenda nyumbani kwake siku moja kabla ya mechi. Violeth ndiye aliyefungua mlango, akausimamia bila kumkaribisha. Alimtazama mgeni kuanzia mtandio hadi viatu.

"Umemfuata mume wangu mpaka Geita," alisema. "Peke yako. Ukarudi naye basi moja."

"Nilifuata mambo ya timu, Mama Januari."

"Ndivyo unavyosema."

Mwahija alifungua mdomo ajitetee, akakuta hana kitu cha kuonyesha. Hakuna karatasi wala tarehe. Alikuwa na neno lake tu, na macho ya Violeth yalikuwa yakilipima neno hilo kwa namna aliyoifahamu vizuri mno. Alikuwa hajawahi kusimama upande huu wa mlango.

"Nimekuja kumwomba radhi mbele yako," alisema hatimaye. "Nilisema ameuza timu, na hakuwa ameiuza. Usiponiamini leo, nitakuja tena Jumamosi."

Violeth aliita ndani, "Baba Januari, una mgeni," bado ameshika mlango. Cornel alitoka, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Alisema amesamehe, lakini ukatibu harudii, amechoka kutazamwa. Kuhusu mechi, atakwenda. Atakata tiketi kama wengine.

Siku ya Jumatano, saa nane mchana, jua likiwa kali kama Makoye alivyosema, Mwahija aliingia kwa lango kubwa. Ngoma ilikataa kupita, ikabidi igeuzwe ubavu na kusukumwa na wanawake wanne. Juu ya jukwaa alimwona Cornel, na kando yake Violeth, amevaa kitenge cha zambarau. Violeth alimwona pia. Hakutabasamu. Alisogea kidogo kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja ikabaki wazi, na Mwahija akasimama pale chini na ngoma yake, asijue kama nafasi ile ni yake au la, mpaka refa alipopuliza filimbi.